Kurudi Zamuni Ukiwa Daktari Unayenyonyesha: Mwongozo Kamili

Maswali yanayonifikia kutoka kwa madaktari wanawake waliotoka likizo ya uzazi yanafanana mno. Mama alirudi wodini akiwa na nia ya kunyonyesha hadi mtoto atimize mwaka. Wiki ya tatu maziwa yakapungua, wiki ya sita yakakaribia kukauka, naye anajiona ameshindwa nyumbani na kazini kwa pamoja. Wengine maziwa wanayo, ila kazi ndiyo iliyosimama: mtihani umeahirishwa, kesi za upasuaji anapewa mwenzake, utafiti umelala.

Wanawake hawa wanaijua fiziolojia ya kunyonyesha. Kinachowaangusha ni kwamba mipango huanza siku ya kuripoti, ratiba ya zamu ikiwa imeshatoka, na kila dakika ya kukamua inabidi waiombe kama hisani. Kwa hiyo mwongozo huu wote unasimama juu ya jambo moja: muda wa kukamua uingie kwenye ratiba kabla hujarudi, na pembeni yake liandikwe jina la anayekushikia nafasi.

Nimeuandika kwa ajili ya madaktari, lakini wauguzi, wakunga na matabibu wanaokesha zamuni wanaweza kuufuata bila kubadili mengi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Pampu ya kukamulia matiti yote mawili kwa wakati mmoja, yenye betri, pamoja na seti ya pili ya vikombe na mirija. Kikombe kikufae: chuchu isogee kwa uhuru bila kusuguana na ukingo. Kikombe kisichofaa huleta vidonda na hupunguza maziwa yanayotoka.
- Ujuzi wa kukamua kwa mkono. Betri huisha na mirija husahaulika nyumbani, lakini mikono unayo daima.
- Vyombo safi vyenye vifuniko, lebo, na kalamu isiyofutika.
- Kikasha cha baridi na pakiti za barafu.
- Beseni dogo, brashi na sabuni kwa ajili ya vifaa vya maziwa peke yake.
- Sidiria isiyobana, pedi za matiti na blauzi ya akiba.
- Nakala ya mkataba wako wa ajira na sera ya uzazi ya hospitali.
- Daftari dogo la kuandika tarehe, saa, kiasi cha maziwa na yaliyosemwa.
- Watu watatu: mlezi mkuu wa mtoto, mlezi wa akiba, na mwenzako mmoja kazini anayeujua mpango wako wote.

Wengi hulipuuza hitaji hilo la mwisho. Siku mlezi mkuu atakapougua, na itafika, hutaki kuanza kupiga simu ukiwa katikati ya kupitia wagonjwa.

## Hatua ya 1: Andika barua, wiki nane kabla ya kurudi

Ukikosa muda wa kusoma mwongozo wote, soma hatua hii.

Anayepanga zamu huzipanga wiki kadhaa mapema. Ombi la mdomo mlangoni mwa ofisi husahaulika, na mkuu wa idara akibadilika hufutika kabisa. Ombi la maandishi lina tarehe, lina nakala, na hudai jibu.

Anza na sheria ya kazi ya nchi yako na sera ya hospitali. Kisha kijue kiwango cha kimataifa. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Unampa mama haki ya kurudi kwenye nafasi ile ile, au nyingine inayolingana nayo kwa mshahara ule ule. Unampa pia mapumziko ya kila siku ya kunyonyesha, au kupunguziwa saa, na muda huo huhesabiwa kuwa wa kazi na hulipwa. Pendekezo Na. 191 la mwaka huo huo linasema mama anayenyonyesha asilazimishwe kufanya kazi ya usiku iwapo cheti cha daktari kinaonyesha kwamba haipatani na kunyonyesha kwake.

Mkataba huzibana nchi zilizouridhia tu. Hata kama yako haimo, bado una hoja nzito ya kuweka mezani. Walio kwenye mafunzo ya ubingwa wanayo nyingine: nchini Marekani, chombo kinachoidhinisha mafunzo hayo, ACGME, kiliweka sharti kuanzia Julai 2019 kwamba pawepo mahali safi na pa faragha pa kukamulia, penye jokofu, na karibu kiasi cha kutohatarisha huduma ya mgonjwa. Anayekuambia kwamba jambo hili haliwezekani kwenye mafunzo ya upasuaji, mwonyeshe sharti hilo.

Barua yenyewe iwe fupi. Unaweza kutumia hii:

> Kwa Mkuu wa Idara. Narejea kazini tarehe … baada ya likizo ya uzazi, na nitaendelea kunyonyesha. Naomba yafuatayo yaingizwe kwenye ratiba: (1) mapumziko ya dakika 30, mara mbili hadi tatu kwa zamu ya mchana na mara tatu kwa zamu ya usiku, yakiwa na jina la daktari atakayeshika simu ya wito, (2) chumba chenye kufuli, kiti na soketi ya umeme karibu na wodi, (3) nafasi kwenye jokofu lisilo la dawa wala sampuli, (4) zamu zangu tatu za kwanza niwe pamoja na daktari mwingine, (5) nisipangiwe zamu ya usiku peke yangu kwa wiki mbili za mwanzo. Naomba tukutane tarehe … tukubaliane. Nakala: Ofisi ya Rasilimali Watu.

Dakika 30 zina hesabu yake. Kukamua kwenyewe kunachukua 15 hadi 20. Zinazobaki ni za kutembea, kunawa, kuhifadhi na kurudi. Ukiomba 15 utachelewa kila siku, na kuchelewa huko ndiko kutakakosemwa vikaoni.

Onyo: usianze barua na "samahani kwa usumbufu". Ukishauita usumbufu, umempa msomaji sababu ya kuukataa.

Ukikataliwa, uliza kwa maandishi ni kipengele kipi na kwa sababu gani, kisha pendekeza njia mbadala ya kipengele hicho peke yake. Jibu lisipobadilika, nenda rasilimali watu, halafu chama chako cha kitaaluma.

Umefanikiwa pale ratiba iliyobandikwa ukutani inapoonyesha mapumziko yako na jina la mwenzako. "Tutaangalia ukirudi" haijakufikisha popote, kwa hiyo endelea kuandika.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya maziwa

Hofu ya kwamba hayatatosha huwafanya akina mama wakamue usiku na mchana wakiwa bado likizoni. Hesabu huituliza.

Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita asiyekula kitu kingine hunywa kwa wastani mililita 750 hivi kwa saa 24. Wapo wanaotosheka na 500, na wapo wanaokaribia lita. Ukigawanya kwa 24, unapata kama mililita 30 kwa kila saa usiyokuwepo. Zamu ya saa tisa pamoja na njia ni takriban 300. Zamu ya saa 24 pamoja na njia ni kama 800.

Kwa hiyo akiba ya siku mbili za kazi inatosha kuanzia: siku moja ya kutumia, nyingine ya dharura. Baada ya hapo, unayokamua leo zamuni ndiyo anayokunywa kesho. Anza wiki tatu au nne kabla ya kurudi, mara moja kwa siku, asubuhi baada ya mtoto kunyonya, kwa kuwa wengi huwa na maziwa mengi zaidi wakati huo.

Onyo: usijaze friza. Mwili hutengeneza kulingana na kinachotolewa. Ukiuzoesha kutoa kupita mahitaji ya mtoto, utarudi zamuni na matiti yanayojaa kila baada ya saa mbili, na uvimbe wa titi utakufuata.

## Hatua ya 3: Mtoto na mlezi wazoeane bila wewe

Wiki mbili kabla, mtu mwingine ampe mtoto maziwa uliyokamua, nawe ukiwa nje ya nyumba. Akisikia harufu yako, wengi hukataa. Kikombe kidogo cha kunywea kinafaa, hata kwa mtoto mchanga. Mkitumia chupa, ishikwe ikiwa karibu imelazwa, na mtoto apumzishwe kila baada ya mafunda machache ili asizoee mtiririko wa haraka unaomfanya alikasirikie titi.

Kisha fanyeni zamu ya majaribio: ondoka saa ile ile utakayoondoka kazi ikianza, kaa nje kutwa nzima, kamua mara ulizopanga. Mtagundua kilichosahaulika wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

## Hatua ya 4: Kukamua ndani ya zamu

Lengo ni pengo lisilozidi urefu wa saa tatu hadi nne mchana, na urefu wa saa sita usiku. Mtoto akiwa chini ya miezi minne, shika saa tatu.

Kwa zamu ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mpangilio huu hufanya kazi: nyonyesha saa moja asubuhi kabla ya kutoka, kamua saa nne na nusu baada ya kupitia wagonjwa, kamua tena saa saba na nusu, nyonyesha ukifika nyumbani. Mwenye mtoto mdogo sana aongeze saa kumi jioni. Zamu ya saa 24 inahitaji angalau mara sita, na moja yake iwe usiku wa manane, wakati kiwango cha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, kiko juu. Inachosha, najua, lakini kuiruka hiyo mara kwa mara ndiko kunakopunguza maziwa haraka.

Kabidhi simu kwanza. Mwambie mwenzako maneno kamili: "Ninatoka kwa dakika 30. Mgonjwa wa kitanda cha nne anasubiri majibu ya potasiamu. Mwingine wa kufuatilia ni wa kitanda cha tisa. Ukinihitaji kwa dharura ya kweli nipo chumba fulani." Haya ni makabidhiano kama mengine, na mgonjwa analindwa. Ukitoka kimya kimya, siku moja kitu kitatokea, na kitaitwa uzembe wa mama anayenyonyesha.

Nawa mikono, vua koti la wodini, kisha kaa na vuta pumzi. Wasiwasi huzuia oksitosini, homoni ya kushusha maziwa, na bila hiyo maziwa hayashuki hata titi likiwa limejaa. Picha au sauti ya mtoto kwenye simu husaidia wengi.

Malizia kwa mkono. Pampu inapoacha kutoa, weka kidole gumba na cha shahada sentimita mbili hadi tatu kutoka kwenye chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana kwa upole, achia, halafu zungusha mikono. Maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi.

Ukiwa chumba cha upasuaji. Kamua mara tu kabla ya kunawa kwa ajili ya upasuaji. Kesi inayotarajiwa kuzidi saa nne, zungumza na bingwa siku moja kabla: "Naomba nitoke kwenye hatua ya kufunga tabaka la juu," au "Naomba tubadilishane na mwenzangu baada ya saa tatu." Madaktari hubadilishana nafasi kwenye kesi ndefu kwa sababu nyingi bila mtu kushangaa. Hii nayo ni sababu halali. Ikitokea umeshindwa kutoka, kamua mara tu unapovua glovu, hata kama ni dakika tano za kupunguza shinikizo.

Onyo: choo si mahali pa kukamulia chakula cha mtoto. Ukipewa choo, rudisha jibu kwa maandishi.

Umefanikiwa pale jumla ya siku inapokaribia ile hesabu ya mililita 30 kwa saa, na matiti yamelainika ukimaliza. Usipime kwa kikao kimoja cha kukamua, maana vikao hupishana sana. Pima kwa wiki.

## Hatua ya 5: Kuhifadhi

Maziwa mabichi hukaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye jokofu la nyuzi 4, na miezi 6 kwenye friza, yakivumilika hadi 12. Kikasha chenye pakiti za barafu zilizoganda huyalinda kwa saa 24. Wodi ikiwa na joto zaidi ya nyuzi 25, weka kwenye baridi mara moja.

Yaliyoyeyushwa kwenye jokofu yatumike ndani ya saa 24, wala yasigandishwe tena. Mtoto akibakiza, mabaki yamwagwe baada ya saa 2. Yapashwe kwa kusimamisha chombo kwenye maji ya uvuguvugu. Maikrowevu hupasha bila usawa na huacha sehemu zinazounguza mdomo.

Usiweke vifaa vya pampu moja kwa moja kwenye sinki la wodi. Masinki ya hospitali hujulikana kwa kubeba vijidudu kama Pseudomonas. Ndiyo maana ya lile beseni.

## Hatua ya 6: Hatari za kazini, zipi ni za kweli

Hapa uvumi ni mwingi. Mionzi ya eksirei haibaki kwenye maziwa. Unaweza kufanya kazi kwenye chumba cha picha ukiwa na aproni ya risasi na ukarudi kunyonyesha. Tatizo la aproni ni uzito na kubana: ikikaza matiti kwa saa nyingi huzuia maziwa kutoka, hivyo omba ya vipande viwili au ya ukubwa unaokufaa.

Kilicho tofauti ni dawa zenye mionzi. Anayenyonyesha hapaswi kupangiwa kazi yenye hatari ya kuingiza vitu hivyo mwilini, hasa iodini-131, ambayo hukusanyika kwenye maziwa na kwenda kwenye tezi ya shingoni ya mtoto. Vivyo hivyo, kuchanganya dawa za saratani zenye sumu kwa seli ni kazi ya kuomba kubadilishiwa. Kwenye gesi za nusukaputi, hakikisha mfumo wa kuondoa gesi chumbani unafanya kazi.

Ukijichoma sindano ya mgonjwa, ripoti papo hapo. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanza mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 72. Mweleze anayekuhudumia kwamba unanyonyesha, ili suala la maziwa liamuliwe siku hiyo hiyo na mtaalamu. Usiliamue peke yako kwenye korido.

## Hatua ya 7: Maziwa yakipungua, au titi likiuma

Yakipungua ghafla, tafuta sababu kabla ya kununua vidonge vya kuongeza maziwa. Umeruka vikao? Valvu ya pampu imechakaa? Umeanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni? Wengi huanza njia hiyo wiki ile ile wanayorudi kazini, kisha wanailaumu kazi. Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini navyo hupunguza maziwa. Ujauzito mpya pia huwezekana.

Sababu ikiondolewa, ongeza kikao kimoja kwa siku kadhaa na nyonyesha zaidi usiku na siku za mapumziko. Kunywa maji kwa kiu yako. Kunywa kupita kiasi hakuongezi tone. Ila najua kwamba wengi wenu hamnywi kabisa hadi jioni, na hilo lirekebishwe.

Titi likivimba na kuuma, sahau baadhi ya tuliyofundishwa. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine unashauri usikande kwa nguvu wala usikamue zaidi ili "kulimaliza" titi, kwa kuwa huko huongeza uvimbe. Nyonyesha kama kawaida, weka kitu cha baridi, tumia ibuprofeni kama huna kizuizi, na pumzika. Dalili zikiendelea zaidi ya saa 24, au homa ikipanda, nenda kwa daktari mwingine akupime. Kunyonyesha kunaendelea.

Na kama baada ya haya yote mtoto anahitaji kuongezewa maziwa mengine, mwongezee. Nusu ya mahitaji yake kutoka kwako ni nyingi. Sijaona sababu ya mama kuacha yote kwa kuwa hakupata yote.

## Hatua ya 8: Rudisha mikono na akili kazini

Miezi ya kutokuwepo hupunguza wepesi. Hilo humpata yeyote aliyekaa nje, awe ametoka kusoma au kuugua, na halina uhusiano na umama. Lishughulikie waziwazi.

Wiki tatu kabla, andika taratibu unazofanya kila wiki: kuweka mpira wa hewa, njia kuu ya mshipa, upasuaji wa kujifungua, chochote cha fani yako. Kila moja ipe alama: naweza peke yangu, nahitaji kusimamiwa mara moja, nahitaji mara kadhaa. Mpe msimamizi wako orodha hiyo siku ya kwanza. Soma miongozo ya tiba iliyobadilika ulipokuwa nje, na uhakikishe leseni yako na nywila za mfumo wa hospitali ziko hai.

Umefanikiwa pale kila utaratibu umehamia "naweza peke yangu" kwa sahihi ya msimamizi, na wewe mwenyewe unakubaliana na sahihi hiyo. Zamu ya usiku ya peke yako ije baada ya hapo.

## Hatua ya 9: Usiku, usingizi na moyo wako

Kaeni na mwenzi wako au ndugu mnayeishi naye mgawane usiku kwa saa. "Tutasaidiana" humwacha mama akiamka kila mara. Mfano: kuanzia saa tatu hadi saa nane usiku yeye anashika mtoto na maziwa uliyokamua, nawe unalala mfululizo, baada ya hapo unachukua wewe. Siku unayotoka zamu ya usiku, usiendeshe gari ukiwa unasinzia. Lala hospitalini kwanza, au uchukuliwe.

Sasa la moyo, ambalo madaktari hulificha kuliko wote. Jipime kwa kipimo cha Edinburgh cha sonona baada ya kujifungua. Kina maswali 10, kimetumika tangu 1987, na huenda umewapa wagonjwa wengi ukakipitia nao. Kijaze kabla ya kurudi kazini, kisha baada ya mwezi mmoja. Alama 13 au zaidi, au jibu lolote lisilo "kamwe" kwenye swali la 10 la kujidhuru, ni sababu ya kumwona daktari, na kwa hilo la mwisho ni siku hiyo hiyo.

Onyo: usijiandikie dawa. Nenda kwa daktari asiye wa idara yako kama unaogopa kusemwa. Dawa kadhaa za sonona hutumika wakati wa kunyonyesha, kwa hiyo hofu ya kuambiwa uache maziwa isikuzuie kwenda.

## Hatua ya 10: Maneno ya wenzako, na nafasi zisikupite

"Tena unaenda?" Jibu fupi linatosha: "Ndiyo, iko kwenye ratiba. Nitarudi saa tano." Usieleze zaidi. Maneno yakigeuka dhihaka juu ya mwili wako, au yakawa kizuizi cha kukutoa kwenye kazi, andika tarehe, saa, maneno yenyewe na aliyekuwepo, siku hiyo hiyo, nje ya kompyuta ya hospitali. Ripoti yenye matukio manne yaliyoandikwa hivyo ni vigumu kuizima. Malalamiko ya jumla huzimwa kwa kikao kimoja.

Hatari kubwa zaidi huja kwa sauti ya upole. "Tuliona tusikupe ile kesi, una mtoto mdogo." Kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, wanawake ni kama asilimia 70 ya wafanyakazi wa sekta ya afya na jamii, lakini wanashika asilimia 25 tu ya nafasi za juu. Ninaamini sehemu ya pengo hilo hujengwa katika miezi hii, kwa maamuzi madogo ambayo muhusika hakuulizwa.

Kwa hiyo mwambie mkuu wako kwa maandishi: "Naomba niulizwe kila nafasi inapotokea. Nikishindwa, nitasema mwenyewe." Chagua jambo moja la kitaaluma kwa miezi sita: mtihani, au andiko moja, au utaratibu mmoja wa upasuaji. Liwekee tarehe na ulishike. Mengine yasubiri kwa uamuzi wako. Walio mafunzoni waulize mapema, kabla hata ya likizo, ni wiki ngapi za kutokuwepo zinazosogeza tarehe ya kuhitimu. Marekani, bodi za ubingwa zilizo chini ya muungano wao, ABMS, kwa mafunzo ya miaka miwili au zaidi, tangu Julai 2021 hutakiwa kuruhusu angalau wiki 6 za likizo ya aina hii, mara moja katika mafunzo, bila kuyarefusha na bila kumaliza likizo ya mwaka. Kwako huenda ni tofauti, na unahitaji jibu lenye sahihi.

## Hatua ya 11: Kuacha kukamua kazini

Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha pamoja na vyakula hadi miaka 2 na kuendelea. Mtoto akishazoea vyakula vingine, wengi huacha kukamua zamuni karibu na mwaka na kubaki kunyonyesha asubuhi, jioni na usiku. Mwili huzoea.

Punguza kikao kimoja kila baada ya siku tatu hadi tano, ukianza na kile kinachotoa maziwa kidogo. Titi likijaa katikati, kamua kwa mkono kiasi cha kupata nafuu tu. Usiache vyote kwa siku moja kwa sababu ya mtihani au kozi, maana huo ndio mwaliko wa titi kuvimba.

Siku unapoacha kikao cha mwisho, mwandikie mpanga ratiba akiondoe kwenye ratiba yako. Chumba, nafasi ya jokofu na ule utaratibu wa kushikiana simu uombe vibaki kwenye sera ya idara, kwa jina la cheo na si la mtu, ili anayerudi baada yako avikute.